Madoa Kwenye Barua ya Fundi Saa

3 Februari

Kwa Mwalimu, binti wa kaka yangu,

Salamu nyingi, na kabla hujauliza, mimi mzima. Mguu wa kushoto unanisumbua nikisimama sana mezani kupiga pasi, lakini mguu huo umenisumbua tangu hujazaliwa, tumeshazoeana. Baba yako hajambo. Jumapili alikuja kula hapa, akasifu chakula mpaka nikaona haya, kisha akaomba chumvi. Mama yako anauliza kama unakula. Nimemwambia picha uliyotuma inajibu.

Utashangaa kupata barua badala ya kusikia sauti yangu. Simu imefuliwa. Ilikuwa kwenye mfuko wa aproni, aproni ikaingia kwenye mashine pamoja na mashuka ya nyumba ya wageni, na ilipotoka ilikuwa safi kuliko siku niliyoinunua. Sina haraka ya kutafuta nyingine. Tena jambo lenyewe ni la barua, maana linahusu barua.

Unamkumbuka fundi saa? Yule mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, mkabala na duka langu la dobi, anayebana kioo cha kukuzia jichoni. Ulipokuwa mdogo ulidhani ni mpelelezi. Mke wake alifariki zamani. Miaka yote hii mimi na yeye ni watu wa habari za asubuhi na naona mvua inakuja, basi. Sasa wiki iliyopita tarishi ananiletea bahasha yenye stempu. Kuifungua, imetoka kwa fundi saa. Hebu fikiria, mtu namwona kutoka mezani kwangu, namwona akipuliza vumbi kwenye saa za watu, ananitumia barua kwa posta. Imekwenda mpaka posta kuu mjini ikagongwa muhuri, ikarudi kuvuka barabara. Nilipoinua macho, alikuwa ameshafunga dirisha.

Sikiliza alichoandika: "Wewe ni mwezi wa kumi na nne uliochomoza juu ya mtaa wetu. Tabasamu lako ni kama asubuhi baada ya mvua. Usingizi umenitoroka, mwaka mzima sijalala hata lepe."

Mimi shule niliiacha njiani, unajua, sikufika kwenye hayo mnayoyaita fasihi. Lakini akili ninazo. Mtu ambaye hajalala mwaka mzima tungekuwa tumeshamzika, na huyu kila mchana namwona amesinzia kitini, mdomo wazi. Kwa hiyo ama ananidanganya, ama kuna namna ya kuandika ambayo mimi siijui. Wewe unalipwa kwa kazi hiyo. Nieleze.

Na usicheke, maana nina sababu. Yule mume wangu, ambaye baba yako hataki atajwe mezani, naye alikuwa na maneno. Aliniita lulu, akaniita almasi, akanivika kilemba cha ukoka mpaka shingo ikapinda, kisha akaingia mitini na redio yangu. Nimekaa peke yangu muda mrefu na nimekaa vizuri. Sitaki kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa mara ya pili. Nataka kujua tu kama huyu fundi ametoka kapu lile lile, au ni mtu mwingine.

Jibu upesi, kabla hajatuma nyingine.

Shangazi yako


19 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisomea chumba cha walimu, nikacheka mpaka mwalimu wa hesabu akaniletea maji akidhani nimepaliwa. Pole na simu, pole na mguu. Mimi nimehamia chumba kipya, kina dirisha linaloangalia uwanja wa michezo, kwa hiyo hata nikiwa nyumbani nasikia wanafunzi wangu wakitukanana. Mwambie mama ninakula. Mwambie baba aache chumvi.

Haya, tukae darasani. Fundi wako ametumia tamathali tatu, yaani mapambo ya maneno. Anaposema tabasamu lako ni kama asubuhi, hiyo ni tashbihi: anafananisha vitu viwili na anakuonyesha waziwazi kwamba anafananisha, kwa kutumia "kama" au "mithili ya". Anaposema wewe ni mwezi, "kama" ameiondoa, vitu viwili amevifanya kimoja. Hiyo ni sitiari. Haamini kwamba unaning'inia angani. Na huko kutolala mwaka mzima ni chuku, yaani kutia chumvi kama wanavyosema watu. Chuku si uongo, Shangazi. Mwongo anataka umwamini. Mwenye chuku anajua kwamba unajua. Wewe mwenyewe ukimwambia mteja kwamba shati lake limebeba shamba zima, hutarajii atafute jembe. Unataka tu ajue lilikuwa chafu kiasi gani.

Mwalimu wa hesabu hakubali. Yeye anasema mtu akiandika mwaka na ukweli ni siku mbili, hilo ni kosa, apigwe mkasi wa kalamu nyekundu. Tumebishana naye kutoka shuleni mpaka mlangoni kwangu.

Sasa na mimi nina swali, usilikwepe. Umenieleza alichoandika. Hukuniambia ulihisi nini uliposoma.

Mtoto wako


12 Machi

Mwalimu wangu,

Salamu. Sote wazima, isipokuwa gari la baba yako. Swali lako nimeliona. Tuendelee na masomo.

Umeniharibia watu wote. Sasa mtu hawezi kusema nami bila mimi kumtafutia jina la alichosema. Mama wa nyumba ya wageni amelalamika mashuka yamerudi magumu kama mbao, nikamwambia hiyo ni tashbihi, akaniuliza kama nitamrudishia fedha zake kwa tashbihi. Baba yako alikuja kujisifu, eti gari lake ni simba barabarani. Nikamwambia hiyo sitiari, tena ndani yake kuna chuku, maana simba huyo tumemsukuma sote tangu Krismasi. Akaondoka na chai yake mezani.

Fundi ametuma ya pili. Tena kwa posta. Anasema, "Saa zote kibandani zinanong'ona jina lako. Moyo hupigwa kufuli? Nani atanizuia nisikupende?" Mwanangu, niliteremsha saa ya ukutani ya dukani, nikavuka nayo barabara nikijifanya imeharibika, ili nisimame pale nisikilize. Zilikuwa zinasema ti, ti, ti. Jina langu sikulisikia. Akaifungua saa yangu, akaona nzima, akaisafisha hivyo hivyo bila kuniaibisha. Neno alilotoa ni moja tu, habari za mchana, na bisibisi ilimponyoka mara mbili, yeye ambaye anashika vyuma vidogo kuliko mbegu ya mchicha. Na huyo wa kumzuia asinipende nimekaa nikamtafuta. Nikaona labda ni baba yako.

Maana baba yako amesikia. Tarishi ana mdomo. Akaja hapa, akafunga mlango, akaniambia kwamba umri wangu si wa kuandikiwa barua na kwamba maneno matamu yalishaniponza mara moja. Nilimjibu, unanijua. Lakini alipoondoka nilikaa kwenye gunia la nguo chafu na maneno yake hayakutoka. Kwa hiyo swali langu sasa ni hili, na linatoka rohoni. Kati ya hizo tamathali, ipi anatumia mkweli na ipi anatumia tapeli? Nitajie tu. Nikiona hii, nifungue mlango. Nikiona ile, nifunge.

Shangazi yako


30 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mitihani imeisha, nasahihisha mpaka vidole vimekuwa vyekundu. Kitasa cha dirisha langu kilikatika, mwalimu wa hesabu amekuja kunitengenezea. Amekitengeneza vibaya, sasa dirisha halifungi kabisa, lakini alikuja.

Saa zikinong'ona, hiyo ni tashihisi: kitu kisicho na uhai kinapewa tabia za mtu. Ulichokisikia wewe, ile ti, ti, ti, ni tanakali ya sauti, neno linaloiga mlio wa kitu. Na moyo hupigwa kufuli, nani atanizuia, hayo ni maswali ya balagha. Hayangoji jibu, Shangazi. Mwache baba apumzike. Nakuongezea na takriri, maana ukimsoma vizuri utaikuta: ni kurudia neno au jambo lile lile makusudi, ili msomaji asikie uzito wake.

Kuhusu swali lako kubwa, nilitamani niwe na jibu. Sina. Hakuna tamathali ya wakweli na tamathali ya matapeli. Tamathali ni nguo, na watu wote hao wawili wanajua kuvaa suti. Hata kitabu chetu cha kiada hakina sura ya kumtambua mtu. Ushauri wangu ni mmoja. Soma barua yake, vua pambo moja baada ya jingine, kisha tazama kilichobaki. Kama ndani kuna mtu, utamwona. Yule mwenye redio yako, ukimvua hivyo, nadhani kusingebaki hata soksi.

Na lile swali langu la Februari bado liko mezani.

Mtoto wako


11 Aprili

Mwalimu wangu,

Salamu kwa haraka, mashine zinazunguka. Wote wazima.

Nimefanya ulivyosema, na ninajivunia. Barua ya tatu ilikuja Jumatatu, ndefu, kurasa mbele na nyuma. Unajua tunavyofanya hapa nguo ikiingia. Tunaitandaza mezani kwenye mwanga, tunazungushia chaki kila doa, tunaandika pembeni ni la nini, chai, kutu, wino, ndipo iingie majini. Nikaitandaza barua yake vivyo hivyo. Chaki haikushika karatasi, nikachukua kalamu nyekundu ya kuandikia namba za wateja. Nikazungushia kila kitu. Tashbihi, sitiari, sitiari, chuku. Pale alipoandika njoo, njoo, njoo, nikaandika takriri. Pale alipodai machozi yake yamejaza mabeseni yangu yote, nikaandika chuku, na pembeni nikamweleza kwamba mabeseni yangu ni makubwa. Nilipomaliza, barua ilikuwa kama mtoto mwenye surua.

Chini nikaandika: "Tafadhali toa hivi vyote, unirudishie kilichobaki." Nikaitia kwenye bahasha, nikabandika stempu, nikaipeleka posta. Na mimi nina adabu zangu.

Ungeiona, ungenipa alama zote.

Shangazi yako


22 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani wote salama natumaini. Hapa salama, lakini barua yako imenitoa jasho.

Nilisema umvue mapambo kichwani mwako, si kwa kalamu nyekundu. Tena umemrudishia yeye mwenyewe! Tamathali si madoa, Shangazi. Kosa ni langu, niliyesema tamathali ni nguo, tena kwa dobi. Mimi nasahihisha insha kila wiki na naujua uso wa mtoto anayerudishiwa karatasi nyekundu. Kuna mmoja hajanyoosha mkono tangu muhula uanze. Na huyu wako si mtoto. Ni mtu aliyekaa miaka mingi hawezi kusema zaidi ya naona mvua inakuja, akajikaza, akaazima maneno makubwa, akalipia na stempu. Umemrudishia na alama.

Tafadhali vuka barabara. Mwambie hukuwa na nia mbaya. Mwambie ni mimi niliyekufundisha vibaya, nitupie lawama zote, niko mbali.

Nilimsimulia mwalimu wa hesabu nikitaka anionee huruma. Yeye anasema kuuliza kilichobaki ni swali halali kabisa, kwenye hesabu za kutoa wanauliza kila siku. Sijasema naye tangu chakula cha mchana.

Mtoto wako


29 Mei

Mwalimu wangu,

Salamu. Samahani kwa kuchelewa, kazi zimekuwa nyingi. Mvua hapa haitaki kuacha. Nguo hazikauki, nimetundika kamba ndani mpaka juu ya kaunta, wateja wanapita wameinama wakipigwa na suruali za watu. Mkanda wa mashine kubwa ulikatika, fundi wake akaja akafunga mwingine, ukakatika tena. Mama wa nyumba ya wageni sasa anataka mashuka yake yapigwe pasi pande zote mbili, kana kwamba wageni wake hulala pande zote mbili. Mguu ni ule ule. Baba yako amenunua betri mpya, na gari bado linasukumwa, ila sasa linapiga honi huku linasukumwa.

Meza ya pasi nimeihamishia upande wa nyuma, kwenye lile dirisha jingine. Kuna mwanga zaidi. Saa ya ukutani imesimama. Nimeiacha tu.

Umenifundisha kwamba jambo likirudiwa ujue lina uzito. Basi nimezitoa barua zako zote nikazisoma tena. Maji umeletewa na mwalimu wa hesabu. Kubishana, umebishana na mwalimu wa hesabu. Kitasa, mwalimu wa hesabu. Hata mtu wa kununiana naye ni huyo huyo. Hiyo ni takriri, mwanangu, tena ya wazi. Mimi sijasema kitu.

Mvua ikipungua nitaandika vizuri.

Shangazi yako

Nilisahau. Kile kibanda cha ng'ambo kimefungwa tangu ile Aprili. Wanasema amekwenda kwa binti yake. Sikuuliza, nimesikia tu watu wakisema.


9 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Ninyi wote hamjambo, nimeona, na mvua nayo haijambo.

Umenieleza habari za mvua, mkanda na betri kwa kurasa mbili, na yeye umempa mistari miwili baada ya sahihi. Umesema meza umeihamisha upate mwanga. Shangazi, mimi nimekulia kwenye duka hilo. Dirisha la nyuma linaangalia ukuta. Na saa umeiacha imesimama, wewe ambaye hukubali kifungo kimoja kilegee. Nimekuuliza tangu Februari unahisi nini, na nadhani barua hii ndiyo jibu, ingawa hukutaka kulitoa. Unamkosa. Na unaogopa kwamba umemfukuza mtu aliyekuwa mkweli, kwa sababu ya mtu mwingine aliyekuwa mwongo.

Nami naumia, kwa kuwa nilikupa kisu bila kukuambia upande unaokata. Muulize tarishi anwani ya huyo binti, mwenye mdomo hakosi anwani. Andika. Usitafute maneno.

Kuhusu hiyo takriri yako, nilikaa siku kadhaa nikitunga cha kukujibu. Nimeacha. Ninampenda, Shangazi. Ameomba kuja kuwasalimu wazazi wakati wa likizo ya Agosti na nimemkubalia, na nilikuwa naogopa kusema kwa sababu baba atamuuliza maswali. Haya, nimeyasema bila pambo lolote, na sijafa. Zamu yako.

Mtoto wako


4 Julai

Mwanangu,

Salamu nyingi sana. Mvua imekwisha, mguu unauma, baba na mama yako wazima. Habari yako nimempa mama yako, akapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Baba yako naye amejiandaa. Anasema atamuuliza huyo kijana hesabu.

Sasa kaa chini.

Anwani niliipata, karatasi niliiweka mezani, na kila siku niliandika "Kwako fundi" nikaishia hapo. Nikichana, nikianza. Juzi Jumatatu nilikuwa hivyo hivyo na pasi mkononi, duka limejaa. Mama wa nyumba ya wageni yupo na mashuka yake, dereva wa basi anangoja sare zake, na nyuma ya dereva naona mtu ameingia kwenye foleni. Fundi saa. Amekonda kidogo. Hakusogea mbele, hakuita, alipanga foleni kama wateja wote. Na mimi, badala ya kusema neno la maana, zamu yake ilipofika nikamuuliza nguo ngapi.

Akasema hana nguo. Akatoa mfukoni ile barua, nyekundu vile vile, imekunjwa mpaka imelegea. Akaniambia polepole, akitazama kaunta, kwamba amekaa kwa binti yake muda wote huo akijaribu kufanya nilichomwomba. Maneno yale aliyaandika kwa sababu aliogopa nitamwona bahili wa maneno, mwanamke kama mimi si wa kuandikiwa kama risiti. Alipoanza kuyatoa, yakatoka moja moja, na kila alipomaliza ukabaki mstari mmoja. Akajaribu tena, ukabaki ule ule. Akaona aibu kuubandikia stempu mstari mmoja.

Nikamwambia auseme.

Dereva wa basi akavua kofia. Mama wa nyumba ya wageni akaweka mashuka chini, yeye ambaye huyalilia yakigusa sakafu.

"Kila asubuhi nikifungua kibanda," akasema, "kabla sijagusa kitu, naangalia huku kama umefika. Ukiwa umefika, nakaa nafanya kazi."

"Na nisipofika?"

"Nafanya pia. Lakini vibaya."

Mwanangu, niliutafuta huo mstari. Niliugeuza huku na huku kichwani, kama shati la mteja msumbufu, nikitafuta mahali pa kutia kalamu. Sikupaona. Nikasikia harufu, kumbe foronya ya nyumba ya wageni inaungua chini ya pasi, na mama mwenye foronya hata hakulalamika. Alikuwa analia.

Mimi nikataka nijibu kwa heshima, kwa maneno ya kawaida, kama mtu mzima. Kilichonitoka mdomoni ni hiki: "Tangu ufunge kibanda, barabarani hapa hapajapita mtu miaka mia." Akanitazama juu ya miwani, akaniuliza kwa upole kama hiyo si chuku. Nikamwambia ni chuku, tena kubwa, na ole wake atakayeifuta. Ndipo akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Anacheka kwa sauti kubwa sana, mtu mwembamba vile.

Baba yako alikuja jana na uso wa kazi. Walikaa wawili pale kwenye magunia. Aliingia kumfukuza, akatoka na saa yake ya mkononi, ile iliyosimama kabla hujazaliwa, sasa inatembea, na tangu hapo anamwambia kila mtu saa ngapi bila kuulizwa. Anasema ni mtu wa maana. Tumekubaliana ndoa iwe Agosti mkiwepo, na wewe ulete huyo wako, mtakaa mbele.

Nina furaha, mwanangu. Uliniuliza tangu Februari nilihisi nini. Niliposoma ile barua ya kwanza nilifurahi mpaka nikaogopa. Hilo ndilo sikutaka kusema.

Meza ya pasi nimeirudisha mbele. Leo nimefika mapema kuliko siku zote. Sikuwasha mashine, sikuwasha pasi. Nilisimama mlangoni, nikitazama ng'ambo, mpaka akafungua.

Shangazi yako